Nilikosa miadi moja, binti akaacha kuja. Naanzia wapi kuunga?

Ustawi_Pwani (Tanga)

Habari wadau. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mwaka wa tisa kazini, halmashauri mojawapo mkoani Tanga. Mambo kadhaa ya huyu mteja nimeyabadilisha ili asitambulike, kwa hiyo msihangaike kumtafuta. Nimekuja na swali, ila siwezi kuliuliza bila kusimulia kidogo.

Mwezi wa tatu tuliletewa binti wa miaka 15. Alitoka kijijini Singida akiwa na miaka 12, akaletwa mjini kufanya kazi za ndani. Mengine mnayajua: mshahara anapokea shangazi, kwa mama haufiki, shule hakuna, na mwisho wa yote pasi. Pasi ya umeme, mgongoni. Jirani ndiye aliyemfikisha Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, akatibiwa, kesi ikafunguliwa, sisi tukamtafutia mama mlezi. Kwenye makaratasi kazi yetu ilikwenda vizuri sana. Kila fomu ina mhuri wake.

Kisha nikatakiwa nimpe unasihi. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku tatu juu ya kiwewe, nina kitabu chenye hatua nane: jenga mazingira, mweleze kiwewe ni nini, mfundishe kupumua, halafu asimulie tukio, na kuendelea. Kikao cha kwanza nilifika hatua ya tatu ndani ya dakika 40. Nikajiona fundi kweli. Kikao cha pili nikamwambia, "Sasa nieleze ilivyokuwa siku ile." Akaugeukia mlango, akawa anausikiliza kama mtu anayejua nani yuko nyuma yake. Hakusema neno mpaka muda ukaisha.

Niseme na mlango wenyewe. Ofisi nachangia na afisa lishe, katikati kuna mizani ya watoto na maboksi, na kila dakika tano mtu anagonga kuulizia msamaha wa gharama za matibabu. Faragha yetu ni pazia.

Kikao cha tatu nikamkuta ameshafika, ameushika ukili wangu, ule mkanda wa kushonea mkeka. Mimi ni mtu wa Pangani, bibi alinifundisha, na huwa natembea na kipande kwenye mkoba nisuke nikiwa kwenye foleni. Akaniuliza, "Hii inafanywaje?" Lilikuwa swali lake la kwanza tangu tumjue. Nikalowanisha ukindu, nikamwonyesha. Kitabu cha hatua nane nikakiacha droo ya chini.

Wiki sita tukasuka, kila Jumanne saa tatu. Tunakaa ubavu kwa ubavu, macho kwenye mikono. Maneno yakawa yanadondoka yenyewe. Kwamba mama yake analima alizeti. Kwamba halali chali. Kwamba yule mwajiri alikuwa na paka aliyekula vizuri kuliko yeye, na hapo akacheka, nami nikacheka, halafu sote tukanyamaza. Mwanzoni aliniita "afisa", ikaja "anti", na siku moja likamtoka "mama". Akajisahihisha haraka haraka. Mimi nikajifanya sikusikia.

Mkuu wangu alipita mara moja, akachungulia kwenye pazia, akasema, "Naona tunasuka mikeka kwa mshahara wa serikali."

Sasa kosa. Jumatatu moja saa tisa alasiri naambiwa kesho alfajiri kuna gari la kwenda Dodoma, semina siku tatu, jina langu limeshapelekwa. Namba ya mama mlezi iko kwenye jalada, jalada liko kabatini, ufunguo anao mtu aliyekwishaondoka. Nikasema nitapiga simu nikifika. Nilipofika kulikuwa na kujiandikisha, posho, picha ya pamoja, na nikasahau. Ndiyo, nilisahau. Semina yenyewe ilihusu ulinzi wa mtoto. Chekeni tu.

Binti alifika Jumanne, akakaa kwenye benchi la nje kutwa nzima. Mlinzi ndiye aliyeniambia. Jumanne iliyofuata hakuja. Na ya pili hakuja. Mama mlezi anasema haongei, anafanya kazi za nyumba bila kutumwa, na amerudia kuomba ruhusa ya kunywa maji. Ile tulikuwa tumeivuka.

Maswali yangu. Nimfuate au nimwachie mlango wazi aje mwenyewe? Nimwombe radhi? Mkuu anasema afisa hamwombi radhi mtoto, atakudharau. Na kubwa kuliko yote: zile wiki sita zilikuwa tiba au nilikuwa napiga soga tu? Maana kama ni soga, kukosa siku moja kusingemrudisha nyuma namna hii.

Kaunsela_Nakuru

Pole dadangu. Mimi nilianza hii kazi 2008 hapa Nakuru kwa uwanja wa maonyesho, wakati familia zilizofukuzwa makwao baada ya uchaguzi ziliwekwa kwa mahema pale. Tulikuwa wengi, kila shirika na fulana yake. Mimi nilikuwa na daftari. Mama mmoja mzee akaniangalia akaniuliza, "Wewe ni wa kuandika ama ni wa kukaa?"

Nikamwambia ni wa kukaa. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu, na yeye sikumwambia. Siku ya mwisho niliona haya kumuaga, nikapitia geti la nyuma. Sikumpiga, sikumwibia, lakini katika miaka yote hii hakuna siku ya kazi ninayoijutia kama hiyo.

Kwa hivyo nenda. Mtoto aliyezoea kuachwa hatakufuata wewe, kwake ukimya wako ni jibu tayari. Ila usiende na gari la serikali lenye maandishi mlangoni, majirani wataanza kuuliza amefanya nini tena.

Mzee wa Faili (Dar es Salaam)

Dada, nimestaafu juzi baada ya miaka 31 kwenye ustawi. Niruhusu niwe mchungu kidogo.

Nimeona maafisa wenye moyo kama wako. Wanachukua mtoto nyumbani kwao sikukuu, wanamnunulia sare, wanaitwa mama, wanaitwa baba. Kisha inakuja barua ya uhamisho: Jumatatu uko Tanga, Ijumaa unaripoti Katavi. Mtoto anabaki na nani? Ule umbali wa kiofisi mnaousema vibaya siku hizi haukuwekwa na watu wakatili. Uliwekwa na watu waliokwisha kuhamishwa.

La pili, hili la "uhusiano ndio tiba" limekuwa wimbo. Kila semina wananitajia mabibi wa Harare, Zimbabwe, wanaowanasihi watu kwenye benchi. Sawa, kazi nzuri, Dk. Dixon Chibanda aliianza 2006, na utafiti uliochapishwa 2016 ulikuwa na watu 573. Lakini mabibi wale hawakai tu kwenye benchi wakipunga upepo! Wana mpangilio: vikao sita, mgonjwa anataja matatizo yake, anachagua moja, anapanga la kufanya, anarudi kusema limefikia wapi. Upendo pekee haukufanyiwa utafiti pale.

La tatu, na hili naona hakuna aliyeliuliza. Kesi imefika wapi? Ameshatoa ushahidi? Kama bado, chunga sana mnachoongea kwenye huo ukili. Wakili wa upande wa pili atasimama aseme afisa alikaa na mtoto wiki sita akimpanga maneno.

Ustawi_Pwani

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa uchungu wako.

Kesi bado. Ushahidi hajatoa. Tangu kile kikao cha pili sijamuuliza tena habari za tukio, na akianza mwenyewe namsikiliza, sichimbi. Nikiandika, naandika maneno yake kama alivyoyatamka. Ila nakiri sikuwa nafanya hivyo kwa kufikiria mahakama, nilikuwa nahofia asije akaugeukia mlango tena.

La uhamisho umenipata. Sina jibu. Na lile la kuitwa mama, tatizo langu siyo kwamba alikosea. Nililipenda. Nilikwenda nalo nyumbani.

Mtoto wa Majengo (Minneapolis)

Asalaam aleikum. Mimi kwetu Mombasa, lakini huu mwaka wa 14 niko Marekani, mfanyakazi wa jamii upande wa tiba. Wateja wangu wengi ni Wasomali, na Wakongo kidogo. Uzi huu nimeusoma kwenye basi nikapitiliza kituo changu.

Nianze na ukili, kwa sababu mkuu wako amekukosea. Vita Kuu ya Pili, watoto wa miji ya Uingereza walipelekwa mashambani kuwaepusha na mabomu, na wale waliokuwa wagumu kukaa kwenye nyumba za watu wakawekwa kwenye mabweni kule Oxfordshire. Aliyekuwa akiyazungukia mabweni hayo ni mfanyakazi wa jamii, Clare Britton, akifanya kazi pamoja na daktari Donald Winnicott ambaye baadaye alimuoa. Leo kila mtu anamtaja mume, mke kasahaulika, mnajua mambo hayo. Huyo bibi ndiye aliyefundisha kwamba mtoto aliyeumia huwezi kumkabili tu uso kwa uso ukatarajia aseme. Kati yenu panatakiwa kitu cha tatu: safari ya gari, matembezi, mchoro, chochote ambacho macho yenu wawili yatapumzikia. Wewe umekipata Pangani kwa bibi yako. Usikidharau.

Sasa, ilikuwa tiba? Judith Herman, daktari wa akili wa huku Marekani, mwaka 1992 aliandika hatua tatu za kupona kiwewe: kwanza usalama, halafu kukumbuka na kuomboleza, halafu kurudi kwa watu. Na akasisitiza kwamba aliyeumizwa na watu haponi peke yake chumbani, hupona ndani ya uhusiano, tena uhusiano ambao yeye ndiye mwenye hatamu. Kitabu chako cha hatua nane kilimrusha binti mpaka ya pili hali ya kwanza hajaikanyaga. Wiki sita zako ndizo zilizokuwa ya kwanza. Soga zilikuwemo, eeh. Hakuna usalama usio na soga.

Kuna na kina mama wataalamu wa tiba ya akili wa Wellesley, jirani na Boston, Jean Baker Miller na wenziwe, kuanzia miaka ya 1970. Wao walisema jambo ambalo mimi kila wiki naliona: mtu aliyeumizwa na watu huwatamani watu, na kwa kuogopa kuwapoteza huwaficha sehemu za nafsi yake. Yuko karibu nawe na hayupo. Huyo binti anayefanya kazi bila kutumwa na kuomba ruhusa ya maji hajarudi sifuri. Anashika alichobaki nacho kwa njia anayoijua: kutokuwa mzigo.

Tuje kwenye miadi. Jeremy Safran na Christopher Muran, wanasaikolojia wa New York, walishughulika miaka mingi na pale ambapo uhusiano wa tiba unapasuka. Wanasema mpasuko huja kwa sura mbili. Kuna mteja anayekuwakia, na kuna mteja anayesinyaa. Anayewaka ana nafuu, utamsikia. Mimi mwaka mmoja mwezi wa Ramadhani nilisinzia mbele ya mteja, mama mtu mzima, Msomali. Kope zilishuka kama sekunde mbili. Akanyamaza, akasema, "Umechoka na mimi." Nikataka kujitetea kwa saumu, nikaona aibu, naye amefunga. Nikamwambia, "Nimesinzia ukiwa katikati ya neno zito. Imekuuma." Akanipa dakika kumi za maneno makali na wiki iliyofuata akarudi. Wako amesinyaa. Hatakuja kukugombeza, na hilo la kukugombeza ndilo analolihitaji na haliwezi. Itakubidi uende wewe, na useme wewe.

Namna ya kusema. Taja ulichofanya, usiweke "lakini" nyuma yake. Dodoma, gari la alfajiri, kabati, yote hayo yaache, atakuuliza akitaka. Sema unavyodhani siku ile ilikuwaje kwake, na mwache akusahihishe. Halafu hili watu wengi hulikosea: usimwombe akusamehe. Huyu ni mtoto aliyezoea kuzituliza nyuso za wakubwa. Ukimwomba msamaha huku umemkodolea macho unampa kazi nyingine ya ndani.

Mkuu wako anaogopa dharau. Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1970, aliwaambia kina mama wakae mbele ya watoto wao wachanga na nyuso zisizosogea. Mtoto anacheka, ananyoosha mikono, anapiga kelele, mwisho anageuza kichwa. Hiyo kila mtu anaijua. Isiyosemwa sana ni kwamba hata katika mchezo wa kawaida, mama mzuri na mtoto mzima, hupotezana sehemu kubwa ya muda. Mmoja anatazama huku, mwingine kule, kisha wanarudiana. Mtoto hujifunza kuamini katika kule kurudiana. Binti wako ameshaona wakubwa wengi wakikosea. Aliyerudi akasema "nimekosea" sidhani kama amemwona.

Mzee wa Faili naye kasema kweli, nimpe haki yake. Uchambuzi uliotoka 2018 uliunganisha tafiti 295, wateja zaidi ya 30,000, na ubora wa uhusiano ulieleza kama asilimia 8 tu ya tofauti kati ya waliopata nafuu na wasiopata. Asilimia 8 ni nyingi kwa fani yetu, maana hata njia za tiba ziwe mbalimbali inaonekana karibu kila mahali. Lakini si 100. Na kuhusu "mama": siku likimtoka tena, usimsahihishe wala usiitike tu. Muulize, "Mama yako wa Singida, unataka ajue uko wapi?" Halafu wewe tafuta mtu wa kukusimamia kitaalamu, umwambie hayo uliyokwenda nayo nyumbani. Usiyabebe kwenye mkoba pamoja na ukili.

Kivu_Kasulu

Jambo kwenu. Niko Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Wazazi wangu walivuka ziwa na vita ya 1996, kambi ndiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka ule, nami nimekulia hapa hapa. Leo ni mnasihi wa kujitolea.

Dada wa Tanga, kitabu chako usikitupe. Kuna wakati binti atahitaji mtu wa kumsaidia kupanga mambo yake kwa mstari, maana kiwewe kinavuruga mstari, kinaweka jana ndani ya leo. Sisi tumefundishwa njia ya kamba. Ilianza kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakaijaribu kwa wakimbizi wa Sudani kambi ya Imvepi, Uganda, matokeo yakatoka 2004. Unalaza kamba chini, ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Mwisho wake unaukunja, hauukati, kwa sababu maisha bado yanaendelea. Palipokuwa na jema anaweka ua, palipokuwa na baya anaweka jiwe. Halafu vikao vinavyofuata mnapita polepole, ua, jiwe, jiwe, ua. Wewe unaandika, kikao kinachofuata unamsomea, anasahihisha.

Mara yangu ya kwanza nilikuja na mawe yangu kwenye mfuko, mazuri, nimeyaosha. Mzee mmoja akayatazama akasema, "Mawe yangu nitayatafuta mwenyewe." Akaondoka. Nilidhani nimempoteza. Wiki iliyofuata akaja na jiwe moja, kubwa, amelibeba kwa mikono miwili kutoka mtoni. Siku ile hatukuzungumza kingine.

Kwa hiyo njia ipo, na ni nzuri. Lakini wiki ile ya kumngoja haikuwa kwenye kitabu. Na kama kesi iko mahakamani, usianze kamba sasa. Kinachoandikwa kinaweza kuombwa.

Mzee wa Faili

Hapo kwa Mkongo nimekubali. Mtoto asimulie kwanza mbele ya hakimu, kamba baadaye. Na la uhamisho, dada, nikuambie nilichojifunza nikiwa nimechelewa: mwambie mapema kwamba unaweza kuhamishwa. Nilikuwa nawaficha nikidhani nawahurumia.

Ustawi_Pwani

Wadau, mrejesho, kama mlivyoniagiza.

Nilikwenda Jumamosi, kwa bodaboda, nimevaa dera. Mama mlezi alikuwa anakaanga chapati uani. Binti yuko barazani na ungo, anachambua mchele. Hakuinuka. Nikakaa upande wa pili wa ungo, nikaanza kuchambua na mimi. Tukaenda hivyo labda dakika kumi.

Nikamwambia, "Jumanne ile nilikuahidi, sikuja, na sikukupigia. Ni kosa langu. Nadhani ulikaa pale ukijiuliza umefanya nini."

Akaendelea na mchele. Kisha, bila kuniangalia, "Sikujiuliza. Nilijua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa ukimya. Hilo sikujiandaa nalo. Nikamwambia, "Hukufanya kitu. Mimi ndiye niliyesahau." Neno "nilisahau" lilinikwama kooni, nikalisema.

"Nilikaa mpaka mlinzi akafunga geti."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi. Alinipa muhogo."

Kutoka saa tatu mpaka saa kumi. Niligeuka kuangalia chapati ili nisimtwishe uso wangu, nikiikumbuka ile kazi ya ndani. Halafu akasema, chini kwa chini, "Hata yule alikuwa akisema narudi sasa hivi." Mzee wa Faili, ungejivunia: niliuma ulimi. Sikuuliza yule nani, sikuuliza akirudi ilikuwaje. Nikasema tu, "Nimekusikia." Akatoa punje ya jiwe kwenye mchele, akaitupa uani kwa nguvu kiasi kwamba kuku walikimbia. Nadhani huko ndiko kuwaka kwake, dada wa Minneapolis, kwa leo.

Tukapatana. Nikiwa na safari, nampigia mama mlezi kabla ya Magharibi ya siku iliyotangulia. Namba sasa iko kwenye simu yangu na kwenye karatasi ndani ya pochi, kabati na ufunguo wake vibaki huko huko. Nikamwambia na la uhamisho: sijui lini, unaweza kuja, ukija atasikia kwangu kabla ya mtu yeyote na tutaweka Jumanne za kuagana. Akauliza, "Utahamishwa lini?" Nikasema sijui kweli. Akainamia ungo, na mimi nikarudi nyumbani nimejilaumu kwamba nimetia sumu mwishoni.

Jumanne alikuja saa tatu na nusu. Tangu mwanzo hajawahi kuchelewa hata dakika. Nusu saa ile nilikaa kwenye benchi la nje, sikujibu hata waliokuja kwa msamaha wa matibabu, niliwaambia wasubiri. Alipofika alinipita, akaingia, akauchukua ukili, akaukagua. "Hapa umekosea," akasema, akanionyesha. Ni kweli, nilikuwa nimeruka. Tukaufumua kama dhiraa moja.

Katikati ya kusuka akaniambia anataka kumpigia mama yake wa Singida, lakini siyo kupitia shangazi. Sasa naitafuta namba ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenye njia ya upande ule anipe kwa ujumbe wa faragha, hapa msiandike.

Usimamizi nimeupata kwa simu, kwa mtu aliyenifundisha chuoni, saa moja kila wiki mbili, kwa hisani yake. Bando najinunulia.

Jambo moja limebaki. Fomu ya mwezi ina kisanduku kinachouliza "hatua iliyofikiwa", na mfano uliopigwa chapa pale ni "mteja ameweza kusimulia tukio". Nimeandika: "Mteja alikasirika. Afisa alikiri kosa. Mteja alirudi." Mkuu ameirudisha na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Nimemwambia tutaongea Ijumaa.